Zimwi la li- na zimwi wa a-: maoni juu ya vitabu vya madubwana



Kuna aina moja ya uandishi ambayo wengi wetu tunaipita dukani bila hata kugeuza shingo. Ni ukurasa wa dubwana katika vitabu vya michezo ya mezani, ile michezo ambayo watu wanne watano wanakaa na penseli na dadu za pande ishirini, mmoja anaendesha kisa na waliobaki wanajifanya mashujaa ndani yake. Watoto wetu wa Muscat, Leicester na Minneapolis wanaicheza, tupende tusipende. Na kwa vile humo ndani mna majini, mna yule ndege rukh, mna ghul, na siku hizi mna hadi Zenj na Mwangi (nitafika huko), naona tuna haki ya kuusoma ukurasa huo kama tunavyosoma riwaya au utenzi, yaani kwa uhakiki. Kufoka tumeshafoka vya kutosha. Mimi nataka kuuliza swali la kifundi: ukurasa wa dubwana ukiwa mzuri unakuwaje, na kwa nini dubwana likitoka kwetu ukurasa wake huharibika karibu kila mara?

Kitabu mama ni Monster Manual cha Gary Gygax, kilichotolewa na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, mwaka 1977, miaka mitatu baada ya mchezo wenyewe wa Dungeons & Dragons alioubuni yeye na Dave Arneson. Kurasa 112, madubwana zaidi ya 350, yamepangwa kwa alfabeti kama kamusi ya Johnson. Kila moja lina jedwali juu na maelezo chini. Jedwali linasema linapatikana mara ngapi, hutokea mangapi kwa pamoja, kinga yake kiasi gani, linakwenda kasi gani, lina dadu ngapi za uhai, linapiga mara ngapi na kwa madhara gani, lina akili kiasi gani, ukubwa wake, mwelekeo wake wa wema au ubaya. Na kuna safu moja ninayoipenda kuliko zote: asilimia ya kulikuta nyumbani kwake. Hebu fikirini. Kwa nambari moja tu mwandishi ameshakwambia kwamba kiumbe huyu ana nyumba, kwamba kuna saa hayupo, kwamba ukiingia ukaiba akiwa hayupo atarudi akute vitu vyake vimechukuliwa. Hiyo ni hadithi nzima katika tarakimu mbili.

Ukurasa huu haukuandikwa usomwe kitandani. Anayeusoma ni mtu mmoja, saa nne za usiku, na watu wanne wanamtazama wakisubiri kuambiwa nini kimetoka nyuma ya mlango. Ana nusu dakika. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: katika nusu dakika hiyo, je, amejua kiumbe anataka nini, atafanya nini kwanza, na wachezaji wataona dalili gani kabla hawajamwona mwenyewe? Ukurasa ukijibu hayo matatu ni mzuri, hata kama nathari yake ni ya karani. Usipojibu, hata ukiandikwa kwa lugha ya Shaaban Robert, umekosa kazi yake.

Na kwa kipimo hicho Gygax, pamoja na ukarani wake wote, mara nyingi anafaulu. Kuna kiumbe wake mmoja anayekula chuma. Umbo lake, kama inavyojulikana, lilitokana na vidude vya plastiki vya bei rahisi kutoka Hong Kong vilivyouzwa kama wanyama wa kale. Kiumbe huyo hakuui. Anakugusa na papasi zake, na deraya uliyoihangaikia miezi mitatu inageuka kutu, kisha anaila mbele ya macho yako. Wachezaji wazoefu wanaosimama kidete mbele ya joka hukimbia mbio mbele ya huyo, manake ametafuta kile wanachokithamini hasa. Kuna na lile dude la utelezi lenye umbo la mchemraba, futi kumi kwa kumi kwa kumi. Kwa nini kumi? Kwa sababu ujia wa pangoni uliochorwa katika karatasi ya mirabaa una upana wa futi kumi, na dude likijaa ujia mzima huna pa kupita. Mtu atacheka, lakini huo ni ubunifu uliotoka ndani ya chombo chenyewe, kama bahari ya shairi inavyozaa neno ambalo nathari isingelifikiria.

Sasa tuje kwa jini.

Jini wa 1977 ana dadu saba za uhai na tatu juu, urefu futi kumi, pigo lake moja ni la 2 hadi 16. Anakaa katika ulimwengu wa hewa, anaumba chakula, anageuka kimbunga, na jamii yake nzima imeandikwa kuwa ni ya watu wema wasiopenda sheria. Ndugu yake ifriti ana dadu kumi, urefu futi kumi na mbili, anakaa katika ulimwengu wa moto ndani ya Mji wa Shaba, na jamii yake inaelemea ubaya. Ukimlazimisha atakutumikia siku 1,001 au mpaka amalize maombi matatu, na hapo kila msomaji wa Alfu Lela Ulela anatabasamu. Baadaye wakaongezwa marid wa maji na mwingine wa ardhi aliyeitwa dao, jina ambalo kwa masikio yangu halina harufu ya Kiarabu hata chembe. Pembe nne zikatimia: hewa, moto, ardhi, maji.

Na hapo ndipo kasoro ilipo. Asili nne ni za Wayunani. Kila mtoto wa chuoni kwetu anajua kwamba jini ameumbwa kwa moto, basi. Jini wa hewa ni sawa na kusema samaki wa mchangani. Lakini hilo nalisamehe. Mchezo ni mchezo, na waliopanga pembe nne walitaka ulinganifu. Nisichosamehe kirahisi ni ile safu ya mwelekeo. Kwa Mwislamu yeyote jini ni mukallaf kama mimi na wewe: ana hiari, ana hisabu, wapo Waislamu kati yao na wapo makafiri, na ipo sura nzima yenye jina lao inayosimulia kundi lililosikia Qur'ani likaamini. Yaani mapokeo yaleyale waliyoazima jina yalikuwa yameshakataa, tangu karne ya 7, kwamba jamii nzima ya viumbe wenye akili inaweza kuandikwa mbaya au njema kwa mstari mmoja. Wakachukua jina, jibu wakaliacha mezani.

Nasema jibu kwa sababu swali lenyewe limewasumbua mpaka juzi. Toleo la tatu, mwaka 2000, chini ya kampuni ya Wizards of the Coast, lilijaribu kulainisha kwa vielezi: mwelekeo wa dubwana ukawa wa daima, wa kawaida au wa mara nyingi. Juni 2020 kampuni ikatoa tamko kwamba yale majitu yao yaitwayo orc, na jamaa zao wengine, wasielezwe tena kama watu waliozaliwa waovu, kwa sababu maelezo yale yalifanana mno na yale waliyoandikiwa watu wa rangi fulani hapa duniani. Na kitabu kipya cha madubwana kilipotoka mwaka 2025, chenye zaidi ya viumbe 500, ukurasa wa orc haumo kabisa. Wapo waliofurahi, wapo waliokasirika, na wote walifanya hivyo kwa makelele. Mimi naona kufuta ukurasa si kuandika ukurasa. Swali la namna ya kumwandika kiumbe mwenye akili ambaye leo ni adui yako limeachwa palepale.

Hapa Kiswahili kinaingia, na kinaingia kwa mlango wa sarufi. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja cha mnyama na kitu, na mwandishi wa vitabu hivi anakitumia kwa dubwana tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho bila kufikiri. Sisi hatuna raha hiyo. Kila kitenzi kinatudai: li- au a-? Mmeona mimi mwenyewe humu nimekuwa nikiandika "dubwana lina" na mara nikateleza kwenye "kiumbe ana". Sikufanya kwa bahati. Neno ndilo lililonivuta. Methali yetu inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hapo zimwi ni li- tupu, kama jiwe au jembe. Lakini katika ile hadithi tuliyosimuliwa sote, ya zimwi aliyemtia msichana ndani ya ngoma akawa anazunguka naye mji hadi mji ili aimbe, bibi hakusema "zimwi likasema". Alisema "zimwi akasema". Vivyo hivyo kwa majini: mtu majini yake "yamempanda", lakini mganga anapowahoji, jini "ametaja jina lake". Ukichunguza utaona kwamba mara nyingi dubwana likifumbua kinywa, a- inaingia. Kabla ya hapo ni balaa, kama mvua au ndui. Baada ya hapo ni mtu wa kuzungumza naye. (Mzimu ni kesi ya peke yake, na u- yake, na wenye kupenda asili ya maneno watakumbuka kuwa zimwi, mzimu, kuzimu na wazimu ni shina moja. Sitaingia huko, tutakesha.)

Kwa mwandishi wa ukurasa wa dubwana hiki ni chombo ambacho Mwingereza hana. Jedwali la juu, dalili, nyayo, harufu, kelele za usiku, vyote viandikwe kwa li-. Kisha papo hapo kiumbe anaposema, andika a-, na mwendesha mchezo ambaye macho yake yanakimbia juu ya ukurasa atajua bila kuambiwa kwamba kuanzia hapa wachezaji wanaweza kupatana naye. Ukitafsiri Monster Manual kwa kushika upatanisho mmoja tu, a- moja kwa moja kama vitabu vya shule vinavyotaka, umeshapoteza kitu kizuri. Ukishika li- moja kwa moja umewafanya majini kuwa samani. Na neno lenyewe la jumla tutumie lipi? Zimwi ni jamii mahususi, lina hadithi zake. Jitu ni mtu aliyepitiliza. Dude ni kitu kisichojulikana. Mimi nashikilia dubwana, kwa kuwa linabeba ukubwa na ubaya wa umbo bila kudai ukoo.

Tukishamaliza sarufi, tuangalie safu za jedwali. Je, sisi hatukuwa na kurasa za madubwana? Tulikuwa nazo, ila hazikuandikwa na hazikuwa za mchezo. Mama wa ngoma anayejua kazi yake, akiletewa mtu aliyepandwa, ana maswali yake kwa mpangilio: wewe ni nani, kabila gani, umetoka wapi, dini yako nini, unataka nguo ya rangi gani, ubani gani, chakula gani, umemfuata huyu kwa nini. Kjersti Larsen, mwanaanthropolojia wa Norway, ameeleza vizuri katika kitabu chake cha 2008 kuhusu Unguja jinsi masheitani yanavyogawanywa kwa makabila: ruhani ni Waarabu na ni Waislamu, kibuki ni wa Bukini na ni Wakristo, rubamba ni wa Pemba, wapo na wa Uhabeshi. Kila kabila lina lugha yake, mapambo yake, vinywaji vyake. Hebu linganisheni na safu za 1977. Za Gygax zinajibu swali "nitamuuaje?" Za mama wa ngoma zinajibu "anataka nini ili tuishi naye?" Na hiyo ya pili, wallahi, ni bora zaidi hata kwa mchezo, kwa sababu pambano la dadu linakwisha kwa saa moja lakini jini anayedai pete ya fedha na mawaridi kila mwaka anakupa visa vya miezi sita.

Sisemi haya kwa kujisifu kwamba wazee walijua kila kitu. Mama wa ngoma hakuwa akicheza, na kugeuza kilinge cha mtu kuwa jedwali la mchezo kuna maudhi yake; wapo humu watakaonikemea, na wana haki. Nasema tu kwamba umbo lile, maswali yale kwa mpangilio ule, linaweza kuazimwa bila kuazima jina la sheitani wa mtu yeyote aliye hai.

Mfano wa kuazima vizuri ninao, na hauna madhara kwa mtu. Ni nunda. Kisa chake kimo katika hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870, katika kisa cha Sultani Majinuni. Paka wa sultani anaanza kula mifugo. Watu wanashtaki. Sultani anajibu kwa maana ya kwamba paka ni wangu na mali iliyoliwa ni yangu, niacheni. Paka anapanda daraja, mnyama mdogo kisha mkubwa, kisha watoto wa watu, kisha watu wazima, na kila mara jibu ni lilelile. Mpaka anapowala wana wa sultani mwenyewe ndipo sultani anapokubali kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Angalieni basi: dubwana hili halikutoka pangoni wala ulimwengu wa moto. Limekulia baraza la mfalme, na kila pumzi yake ya uhai amepewa na kinga ya mwenye enzi. Ukimwandika nunda kwa dadu kumi za uhai na makucha mawili na meno, umeandika chui. Jedwali lake la kweli lina ngazi: wiki hii amekula kuku, wiki ijayo ng'ombe, na pembeni ya kila ngazi swali, nani bado anamtetea? Wachezaji wakifika mapema wanaweza kummaliza kwa fimbo, kama watathubutu kumgusa paka wa sultani. Wakichelewa hawamwezi kwa jeshi. Ugumu wake si nambari moja ya kudumu.

Halafu sehemu ya pili ya kisa ni nzuri zaidi kwa fundi. Mwana mdogo anatoka kumwinda. Anaua mbwa, anamburura mpaka kwa mama yake; mama anamwambia siyo. Anaua ngawa, siyo. Punda milia, twiga, kifaru, ndovu; kila mara siyo, na kila mara mama anamsihi aache. Lakini anaendelea, kwa sababu ameshaambiwa dalili: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka, mkia mnene. Hadithi nzima ni ya kijana mwenye ukurasa wa dubwana mkononi, ukurasa wa dalili tupu, anayekosea kuutumia mara kwa mara mpaka anapopata. Nimetafuta katika vitabu vya wenzetu ukurasa unaowapa wachezaji raha ya namna hiyo, ya kukosea kutambua, na ni michache mno. Wao dubwana likitokea wanasoma jina lake kwa sauti.

Historia ya baadaye nitaipitisha haraka, maana ni ya mpangilio zaidi kuliko fikra. Mwaka 1989 toleo la pili lilitoa madubwana katika kurasa za kuchomoa za jalada la pete, kila moja likiwa na aya za makazi, jamii na mazingira. Wazo zuri, ila kwa kuwa kila karatasi ina pande mbili na kila upande una dubwana lake, alfabeti ilivurugika mara tu walipoongeza karatasi mpya. Toleo la tatu lilijenga madubwana kwa kanuni zilezile za mashujaa, matokeo yake jedwali likajaa majina ya uganga ambayo maelezo yake yako kitabu kingine, na mwendesha mchezo akawa mpekuzi. Toleo la nne, 2008, ndilo fundi bora wa jedwali: kila kitu mahali pamoja, kila dubwana na kazi yake, huyu wa kuvizia, huyu wa kutupa mishale, huyu wa kuzuia njia, na askari wadogo wenye pointi moja tu ya uhai ili shujaa aweze kuangusha kundi. Lakini maelezo yalikauka, ukasoma kurasa kumi bila kukutana na kiumbe mwenye haja ya kitu. La tano, 2014, liliona kwamba dubwana moja mbele ya wachezaji watano linapigwa mara tano kabla halijapiga mara moja, likawapa wakubwa wao hatua za ziada kati ya zamu za wachezaji. Dawa nzuri ya hesabu. Swali la "anataka nini" likabaki kwa mwendesha mchezo, mpaka Keith Ammann akaanza mwaka 2016 kuandika, dubwana moja baada ya jingine, jinsi kila moja lingepigana kama lingekuwa na akili iliyoandikwa katika jedwali lake. Mwaka 2019 ikawa kitabu. Kitabu kinapohitaji kitabu kingine cha kueleza viumbe wake wanafikiri nini, mhakiki hana haja ya kuongeza neno. Kinyume chake kipo pia: Fire on the Velvet Horizon cha Patrick Stuart na Scrap Princess, 2015, kitabu cha madubwana kisicho na nambari hata moja. Nathari yake inanoga, ila saa nne za usiku na watu wanne wanakutazama, utakitupa.

Sasa Mwangi. Ulimwengu wa mchezo wa Pathfinder, wa kampuni ya Paizo, una msitu mkubwa wa kusini uitwao Mwangi, na wakazi wake ni Wamwangi, na kati ya makabila yao kubwa mojawapo ni Zenj. Mkenya yeyote akisikia hapo atauliza, Mwangi yupi, wa Nyeri au wa Murang'a? Ni sawa na mtu kubuni Ulaya na kuuita msitu wake Kevin. Na Zenj ni neno la wanajiografia wa Kiarabu kwa pwani yetu na watu wake, lilelile lililomo ndani ya jina Zanzibar, limetolewa baharini likapandwa msituni. Mwaka 2021 walitoa kitabu kizima kuhusu nchi hiyo na kwa haki niseme kina heshima kubwa kuliko vilivyotangulia, kina miji, vyuo na siasa. Kabla yao kulikuwa na Nyambe ya Chris Dolunt, ya Atlas Games, 2002, iliyojaribu Afrika nzima katika jalada moja. Niya njema naiona katika yote mawili. Kasoro yao ni ya kifundi, ileile niliyoanza nayo: jina linatoka kwetu, mifupa ni ya dubwana la zamani la Wisconsin. Ukibadilisha jina, hakuna safu hata moja inayolalamika.

Nimefika kwenye lile lililonisukuma kuandika. Vijana wetu wawili watatu wameanza kuchora kitabu cha madubwana cha Kiswahili, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, na wa kwanza katika orodha yao, bila shaka mmeshajua, ni popobawa. Wamempa pointi za uhai 120, mabawa, jicho moja, na shambulio ambalo sitaki kulieleza. Hapa naomba tutulie.

Mwaka 1995 hofu ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja, na kwa miezi kadhaa watu wazima walilala nje uani, makundi kwa makundi, wamewasha moto, kwa kuogopa vyumba vyao wenyewe. Hapakuwa na maafikiano juu ya umbo lake. Wengine walisema halionekani kabisa. Lililokuwa moja kwa wote ni sharti lake: aliyeshambuliwa lazima aseme, awaambie wengine, la sivyo litarudi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi viliporudishwa, na Martin Walsh katika makala yake ya 2009 ameeleza namna siasa ilivyoingizwa katika tafsiri za balaa lile, kila upande na yake. Na mjini Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili, asiye na kosa lolote, aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye.

Huyo mtu ndiye aliyelipa gharama ya ukurasa wa dubwana uliokuwa vichwani mwa watu. Walikuwa na orodha ya dalili, wakamkuta mgeni aliyezifanana, wakautumia. Mwana wa sultani alikuwa na mama wa kumwambia siyo. Wao hawakuwa na mtu. Kisa cha mumiani ni jamaa yake: Luise White katika kitabu chake cha 2000 amekusanya masimulizi ya Kenya, Uganda na Zambia ya wakati wa ukoloni, ya wazimamoto waliodhaniwa kukamata watu na kuwanyonya damu. Dubwana la mumiani halina makucha. Lina gari, sare na ofisi. Ukitaka kulipa dadu za uhai itabidi kwanza uamue kama unaliandika gari, mtu au serikali.

Je, nasema asiandikwe popobawa? Sisemi hivyo. Wapo wazee waliolala nje mwaka ule na leo wanacheka wakikumbuka, na kicheko ni haki yao, hata mchezo ni haki ya wajukuu wao. Nasema kwamba pointi 120 za uhai ni uongo kuhusu kiumbe huyu, tena uongo wa aina mbaya, kwa sababu zinawaambia wachezaji kwamba yupo mtu mahali fulani ambaye akipigwa vya kutosha hofu itakwisha. Katika ukurasa wake safu ya uhai iachwe wazi. Kinachopimwa kiwe ni mji: wangapi wamesema, wangapi wamenyamaza, nani anamnyooshea nani kidole, nani ana faida hofu ikiendelea hadi siku ya kupiga kura. Kila usiku mwendesha mchezo anarusha dadu, si kuona nani kashambuliwa bali nani kashukiwa. Wachezaji kazi yao iwe kumfikisha yule mshukiwa asubuhi akiwa hai. Call of Cthulhu ya Sandy Petersen, 1981, ilishathibitisha kwamba mchezo unaweza kupima akili ya mtu inavyopungua badala ya damu yake, kwa hiyo si kwamba nawaomba miujiza.

Na iandikwe kwa li- mwanzo hadi mwisho. Hili halikuwahi kusema kwa sauti ya mtu yeyote isipokuwa walioshambuliwa.

Kwa wale vijana: nunda anzeni naye, yuko tayari, hana mwenyewe wa kumuudhi, na ngazi zake zinaingia katika ukurasa mmoja na nafasi inabaki ya picha. Majini yafuate, kila mmoja na dini yake na ubani wake, pasiwepo safu ya mwelekeo. Rasimu zikiwa tayari nitumieni nizisome, hasa upatanisho.

Wasalaam.